Nduru Si Kelele: Kuirudia Albamu ya Duma

Katika uhakiki wa fasihi kuna neno ambalo humaliza mjadala kabla haujaanza, nalo ni kelele. Likishatamkwa, hapana haja ya kusikiliza, hapana haja ya kunukuu, wala hapana haja ya kueleza kwa nini kazi fulani imeachwa nje ya mtaala. Albamu ya kundi la Duma, iliyotolewa Agosti 2020 na kubeba jina la kundi lenyewe, ni miongoni mwa kazi ambazo neno hilo limezifukia zingali hai. Makala haya yanadai kwamba kuiita albamu hiyo kelele si hukumu ya kihakiki hata kidogo. Ni sikio lililokataa kufanya kazi yake. Aidha yanadai kwamba Kiswahili, lugha ambayo wahakiki hao hudai kuitumikia, ndiyo shahidi wa kwanza dhidi yao.

Kwanza kazi yenyewe. Duma ni watu wawili. Martin Khanja, ajiitaye Lord Spike Heart, ndiye sauti. Sam Karugu ndiye gitaa na mitambo. Wote wawili walitoka katika makundi ya metali ya Nairobi, Khanja katika Lust of a Dying Breed na Karugu katika Seeds of Datura. Albamu waliirekodi Kampala mwaka 2019, katika studio za Nyege Nyege, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya mji huo huo ikaitoa mwaka uliofuata. Hakuna mpiga ngoma. Midundo imepangwa kwa kompyuta, nayo hukimbia kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuihimili, hukatika ghafla, hurudi ikiwa imebadili mwendo. Gitaa aghalabu halitoi tuni, linatoa ukuta. Na ndani ya ukuta huo, si mbele yake kama ilivyo ada ya waimbaji, kuna sauti inayopasuka.

Wapenzi wa mambo ya rafu watauliza kazi hii iwekwe wapi. Imechota kutoka bleki metali, hasa ule mkondo wake uitwao progresivu, yaani ule uliochoshwa na ukali wa miaka ya mwanzo ya 1990 ukaanza kuvunja umbo la wimbo kutoka ndani. Imechota pia kutoka muziki wa mitambo na wa dansi za usiku wa Kampala. Swali la rafu ni la mwenye duka. La mhakiki ni jingine: je, hapa kuna matini?

Upande unaokataa una hoja moja ya maana, na ni haki kuieleza kwa nguvu zake zote. Husema hivi: fasihi ni sanaa ya lugha, sauti isiyoweza kunukuliwa kwa maneno haina lugha, kwa hiyo hata kama ni sanaa, si fasihi, na wapelekewe wenzao wa idara ya muziki. Hoja hii inaonekana safi. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayeifuata inapokuja kwenye vitu anavyovipenda. Hakuna mhakiki wa Kiswahili aliyewahi kumfukuza Bi Kidude katika fasihi simulizi kwa sababu sauti yake ilikwaruza au kwa sababu maneno yake yalimezwa na ngoma ya unyago. Ukwaruzo wake uliitwa uzee, tajiriba, hata hekima. Ukwaruzo wa kijana wa Nairobi unaitwa kelele. Tofauti iliyopo hapo ni ya umri na ya heshima; ya kifasihi haionekani.

Ukweli ni kwamba tatizo liko katika mbinu, wala haliko katika nadharia. Ruth Finnegan alikwisha kusema mwaka 1970, katika kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, kwamba utendaji ndio uhai wa fasihi hiyo, na kila tasnifu inayoandikwa leo humtaja kwa adabu katika sura ya pili. Katika sura ya nne mambo hubadilika. Hapo mtafiti hunukuu maneno, huyapanga kwa beti, huyatenga fani na maudhui kama walivyozoeshwa wanafunzi wa tangu enzi ya Fasihi na Sanaa za Maonyesho ya Penina Muhando na Ndyanao Balisidya ya mwaka 1976, kisha hutoa dhamira. Sauti imebaki kwenye kinasa. Ndiyo sababu hiphop ya Nairobi ilipokewa chuoni kwa urahisi usio wa kawaida. Kalamashaka wa Dandora walipotoa Tafsiri Hii mwishoni mwa miaka ya 1990, jina la wimbo lenyewe lilikuwa changamoto kwa msikilizaji, lakini maneno yake yalinukulika, na kilichonukulika kilihesabiwa kuwa fasihi. Kipimo kilichotumika kilikuwa kalamu ya mnukuzi. Kisichoingia katika kalamu hiyo hakikuchunguzwa kikapatikana na upungufu; hakikuchunguzwa kabisa.

Historia ya idara za Nairobi inapaswa kuwafanya watu wasite. Waraka wa Oktoba 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, uliotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, ulisisitiza kwamba mapokeo simulizi yanaendelea kuishi na kubadilika, na kwamba mwanafunzi ayasome ili ajue kubuni upya. Miaka michache tu baadaye, David Maillu alipoanza kuuza My Dear Bottle na After 4.30 kwa maelfu ya makarani wa jiji, wahakiki wa chuo hicho hicho walizipokea kazi hizo kwa dharau, Chris Wanjala akiwa miongoni mwa waliozikosoa vikali, na Tanzania ikazipiga marufuku mwaka 1976. Leo Maillu husomwa, huandikiwa tasnifu. Kwa upande wa Kiswahili, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wapo walioapa kwamba kisicho na vina na mizani si shairi, ni nathari iliyokatwakatwa. Leo Kezilahabi hutahiniwa, na waliomkana hutajwa kama historia. Mtu angetarajia kwamba idara iliyokosea mara mbili kwa namna ile ile ingejifunza kusikiliza kwanza ya tatu.

Sasa turudi kwenye neno kelele. Kiswahili si maskini wa majina ya sauti ya binadamu. Ipo nduru, ambayo Kenya nzima hupigwa na mtu aliyezingirwa na hatari. Lipo yowe. Ipo kamsa, ambayo kazi yake ni kuwaamsha waliolala. Upo ukemi wa kumwita aliye mbali, na kikorombwe, mwito unaopigwa kwa kiganja mdomoni. Kipo kite, mguno wa uchungu. Vipo vigelegele, ipo hoihoi, ipo mbiu. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo na neno ndani yake, na hakuna hata moja isiyo na maana. Zaidi ya hayo, kila moja ina sarufi yake: nani aruhusiwa kuipiga, wapi, saa ngapi, na aliyeisikia anawajibika kufanya nini. Mwanamume hapigi vigelegele pasipo kuchekwa. Anayepiga kamsa pasipo moto ana kesi ya kujibu. Aliyesikia nduru ya jirani usiku akajifunika blanketi ametenda kosa ambalo kijiji hakilisahau. Hii ni pragmatiki kamili, na imekaa ndani ya kamusi ikimsubiri mwanaisimu. Lugha yenye utajiri huu haimruhusu msomi wake kusikia sauti ya Khanja na kurudi na neno moja tu, tena lile ambalo mwalimu wa darasa la tatu humwandikia mtoto kwenye orodha ya wapiga kelele.

Tukiisikiliza albamu kwa kamusi hiyo mkononi, mambo hufunguka. Sauti ya Khanja haina rangi moja. Ipo ile ya juu, kali, nyembamba, inayokatika mwishoni kana kwamba mtu amezibwa mdomo: hiyo ni nduru. Ipo ya chini, ya kifuani, inayotolewa si kwa nyuzi za sauti zenyewe bali kwa mikunjo iliyo juu yake kooni, mbinu inayotaka mazoezi ya miaka ili koo lisiharibike: hiyo iko karibu na kite. Zipo pia sehemu ambamo sauti hukaribia usemi wa kawaida, karibu na manuizo. Mpito kati ya hizi tatu ndio muundo wa nyimbo. Gitaa na mashine huufuata. Mtu anayelalamika kwamba nyimbo hazina beti wala kiitikio anatafuta nguzo za nyumba katika hema. Nduru inapogeuka kite, msikilizaji amehamishwa kutoka kwa mtu anayeomba msaada hadi kwa mtu aliyekwisha kujua kwamba msaada hauji. Hilo ni tukio la kisimulizi. Linaelezeka, linaweza kujadiliwa, na wahakiki wawili wanaweza kutofautiana kulihusu kwa ushahidi. Matini huhitaji nini zaidi?

Jina la kundi nalo lilistahili makala peke yake. Wenyewe wameeleza kwamba Duma ni giza kwa Kikuyu. Kamusi ya Kikuyu itasema nduma. Msomaji wa Kiswahili, aliyeko Mombasa au Dodoma, haoni giza. Anaona mnyama mwenye madoa, mwepesi kuliko wote. King'ong'o kimoja cha mwanzo, kilichodondoshwa, kimelivusha neno kutoka lugha moja hadi nyingine na kubadilisha maana yake yote, wala hakuna maana iliyofutwa: giza limebaki, na sasa lina miguu na kasi. (Wakenya wataongeza maana ya tatu, ile nduma inayoliwa kwa chai asubuhi, ingawa Kikuyu huitofautisha kwa irabu, ndũma.) Utani huu wa lugha si wa bahati tu. Ni namna Nairobi inavyozungumza kila siku, neno likitoka mdomoni kwa lugha moja na kuingia sikioni kwa nyingine. Hata jina la lebo lina mkasa huo huo: nchini Uganda nyege nyege ni hamu ya kucheza isiyozuilika, ilhali kwa Mswahili wa pwani ni neno ambalo mtu hulitamka akiangalia kwanza nani yuko karibu. Tamasha la jina hilo liliwahi kupigwa vita na waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, mwaka 2018, na Bunge la nchi hiyo likalijadili tena mwaka 2022. Maadili yaliyotetewa yalikuwa na mizizi mingi, lakini ni vigumu kutohisi kwamba maana ya pwani ilikuwa imesafiri hadi Jinja na kutoa ushahidi.

Wimbo unaodai usomaji wa karibu kuliko zote ni ule uitwao Pembe 666. Namba hiyo ni ya Ufunuo wa Yohana, sura ya 13, kwa mnyama mwenye pembe kumi na vichwa saba. Hapa ndipo wapinzani hushangilia: kumbe ni ushetani wa kuigwa, bidhaa ya Norwe iliyoshushwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta pamoja na simu za mkononi. Shtaka hili linahitaji kujibiwa kwa tarehe.

Tarehe 6 Juni 1992, kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketezwa kwa moto, na katika miaka iliyofuata vijana wa bleki metali wa Norwe walihusishwa na msururu wa makanisa yaliyochomwa. Kanisa lile, kwao, lilikuwa sehemu ya dola. Askofu alikuwa mtumishi wa serikali. Mwaka huo huo wa 1992, Nairobi, mama za wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika kona ya Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia, na baadhi ya mama wale wakavua nguo mbele ya askari wenye umri wa wana wao. Hapakuwa na hotuba iliyoweza kufikia laana ile. Walipofukuzwa pale, walikimbilia wapi? Katika Kanisa Kuu la All Saints, hatua chache kutoka bustanini, wakakaa katika chumba chake cha chini kwa takriban mwaka mmoja. Na tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, waliovunja utakatifu wa kanisa hilo hilo hawakuwa vijana wenye nywele ndefu na rangi nyeupe usoni. Walikuwa askari wa serikali, waliowafuata waumini ndani na kuwapiga.

Katikati ya tarehe hizo mbili kuna jambo lingine ambalo fasihi ya Kenya haijalitumia ipasavyo. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikafikishwa Bungeni mwaka 1999. Serikali ambayo askari wake waliwapiga waliokuwa kanisani ndiyo iliyomtafuta shetani kwa gharama za umma. Kwa hiyo namba 666 ilipowafikia watu wa umri wa Khanja na Karugu, ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa wenyewe wengi: mhubiri wa mkutano wa injili, mnong'ono wa shule ya bweni, na hati ya dola. Kudai kwamba waliipokea kutoka Oslo ni kutoijua Nairobi. Ishara ambayo Norwe ilielekezwa dhidi ya kanisa lenye dola, hapa haina pa kuelekea isipokuwa dhidi ya dola yenyewe, au, kwa usomaji wa ndani zaidi, dhidi ya hofu ambayo dola iliifuga.

Na neno lililotangulia namba hiyo ni Pembe. Kwa Kiswahili pembe ni ya mnyama, basi ni ya yule wa Ufunuo. Pembe pia ni ile ya ndovu, iliyobebwa na wapagazi hadi Bagamoyo. Pembe ni chombo cha sauti, kama mbiu na siwa, na mbiu ya mgambo, wasemavyo, ikilia ina jambo. Pembe, hatimaye, ni kona. Albamu hii hii ina wimbo mwingine uitwao Corners in Nihil. Weka majina hayo mawili katika Kiswahili na yanakutana: pembe za utupu, na pembe ya mnyama. Kiingereza hakiwezi kuyakutanisha. Ni Kiswahili pekee, kilicholala chini ya majina ya Kiingereza, kinachoonyesha kwamba anayepuliza pembe amesimama penye pembe. Haijalishi kama watunzi walikusudia hivyo. Mwenye lugha husikia kile ambacho lugha yake inasema.

Hapa lakini pana lawama ambayo watetezi wa albamu hii hawapendi kuisikia. Majina mengi ya nyimbo ni ya Kiingereza, na si Kiingereza cha Nairobi bali kile cha majalada ya metali duniani kote: Angels and Abysses, Sin Nature, Lionsblood. Kuzimu hilo la kukodi limekaliwa na wapangaji wengi. Ajabu ni kwamba Wanorwe wenyewe, wanaodhaniwa kuigwa, hawakuridhika na Kiingereza. Darkthrone waliandika sehemu kubwa ya Transilvanian Hunger ya mwaka 1994 kwa Kinorwe. Enslaved, mwaka huo huo, waliimba kwa Kiaislandi, wakitafuta lugha iliyo karibu zaidi na ya mababu. Ulver, katika Bergtatt ya mwaka 1995, walirudi kwenye maandishi ya kizamani ambayo hata mwananchi wa kawaida wa Oslo angeyasoma polepole. Hakuna aliyewaonya kwamba hawataeleweka. Kutoeleweka kulikuwa sehemu ya sanaa. Kama Nairobi ingeiga jambo moja tu kutoka Norwe, lingepaswa kuwa hili.

Mtu atasema: kama maneno hayasikiki, lugha ina tofauti gani? Ina tofauti kubwa, na ya kifonetiki. Nduru hushika irabu. Silabi za Kiswahili na za Kikuyu hufungukia irabu, kwa hiyo neno linaweza kurefushwa, kupasuliwa, kuzamishwa, na bado mgongo wake ukabaki. Neno la Kiingereza lenye konsonanti tatu mwishoni hufa kooni. Penye maneno ya nyumbani, sauti ya Khanja hupata kitu cha kung'ata. Penye yale ya kukodi, aghalabu huteleza. Udhaifu mkubwa wa albamu upo hapo, nao ni udhaifu wa kilugha, ambao idara ya lugha ingeutambua upesi kuliko jarida lolote la muziki la ughaibuni, laiti ingesikiliza.

Kuhusu majarida hayo ya ughaibuni, yaliisifu sana albamu hii, na sifa zake ni za kutiliwa shaka sawa na dharau ya nyumbani. Aghalabu yaliisikia kama sauti ya "Afrika" mpya, ya mji mkubwa wenye joto na vurugu, kana kwamba mtu huhitaji msongamano wa magari ili apige ukemi. Lakini mwimbaji wa metali wa London hasomwi kama ripoti ya hali ya mitaa ya London. Usomaji huo huondoa ustadi na kuacha mazingira. Dharau ya nyumbani huondoa vyote viwili, na bado ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa mhakiki wa ughaibuni hawezi kujua pembe ni kona, ilhali wa Nairobi anajua na amenyamaza.

Lipo pia shtaka la kitabaka: kwamba roki ni burudani ya watoto wa Lavington na Kileleshwa, waliosomea shule za Kiingereza, wala haina mizizi River Road. Shtaka hili lina ukweli wa kisosholojia na halina uzito wa kihakiki. Utenzi wa Pwani ulitungwa sana na wenye vyeo na elimu ya chuoni, na hakuna anayeuondoa kwenye mtaala kwa sababu mtunzi alikuwa na nyumba ya mawe. Isitoshe, mipaka ya jiji haikukaa hivyo. Joseph Kamaru, aliyefariki Oktoba 2018 baada ya kuwa sauti ya Wakikuyu kwa miongo mitano, alijenga jina lake katika biashara ya sahani za River Road. Mjukuu wake, anayejulikana kwa jina la KMRU, hutunga muziki wa sauti za mazingira usio na neno wala mdundo, naye alitoa Peel mwaka 2020, mwaka ule ule wa Duma. Babu alijaza nyimbo zake mafumbo ili serikali isimshike. Mjukuu ameondoa maneno yote. Anayeona hapo mapokeo yaliyokatika hajafikiri fumbo ni nini.

Fumbo ndilo neno linalokosekana katika mjadala mzima. Gĩcandĩ cha Wakikuyu, majibizano ya kimafumbo yaliyoandamana na kibuyu chenye michoro, hakikukusudiwa kueleweka na kila mpita njia. Kimani Njogu alikilinganisha na kujibizana kwa washairi wa Kiswahili, na kazi yake imeheshimiwa, kwa haki. Kilichothaminiwa katika gĩcandĩ ni kwamba maana hupatikana kwa anayekubali kushindana nayo. Kipimo hicho hicho kikiletwa kwa Duma, ugumu wa kusikia huacha kuwa kasoro na kuwa sharti la mchezo.

Mwaka 2024 Lord Spike Heart alitoa albamu yake ya pekee, The Adept, chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Mwenye Kiswahili hahitaji kuelezwa jina hilo, hekalu, neno lililofika kwetu kutoka haykal ya Kiarabu, nayo ikitokana na lugha za kale zaidi za Mesopotamia. Albamu aliitabaruku kwa kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyebaki msituni hadi uhuru wa mwaka 1963, akakataa kukata nywele zake kwa miongo kadhaa kwa kuwa aliona walichopigania hakijapatikana, akakubali zikatwe Aprili 2022 kwa mkono wa Mama Ngina Kenyatta, na akafariki Septemba 2023. Wanahistoria wana ya kuandika kuhusu nywele zile. Wahakiki wa fasihi simulizi wana kazi nyepesi zaidi, na hawajaianza: kuketi na kinasa, kuzirudia kanda hizo mbili, ya mwaka 2020 na ya mwaka 2024, na kuandika kwa Kiswahili ni wapi hasa nduru inageuka kite.